Maji yameingia Kigogo, mbio ni siku 20 zijazo: nikimbie?

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 34, nakaa Tabata, nakimbia na klabu ya jogingi ya mtaani kwetu. Tangu mwaka jana najiandaa na marathoni yangu ya kwanza, ile arobaini na mbili (kilomita 42), hapa hapa Dar, Jumapili ya siku 20 zijazo. Nimeshalipa. Mbio yangu ndefu kuliko zote ni kilomita 30, niliikimbia wiki mbili kabla ya mvua. Jumatano iliyopita usiku maji ya Msimbazi yaliingia kwa mama, Kigogo, yakafika madirishani. Alhamisi hadi Jumamosi nilikuwa huko natoa vitu na tope. Maji yalinifika kiunoni, ndala nilizipoteza siku ya kwanza. Sasa mama na watoto wawili wa marehemu kaka yangu wako kwangu. Sijakimbia tangu wakati huo, na vigimbi vinaniuma, nadhani ni kubeba ndoo. Kwenye grupu la klabu wamegawanyika. Wapo wanaosema kukimbia sasa ni kukosa utu, wapo wanaotaka tuchapishe fulana tukimbie kwa ajili ya wahanga, na mmoja ananitumia kila siku habari za Mzee Akhwari, yule mkimbiaji wetu wa zamani wa marathoni. Mume wangu kaniachia niamue mwenyewe. Nikimbie au nisikimbie?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni sana, wewe na mama.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilijiandaa kukujibu habari za utu, maana ndizo zilizojaa humo. Mara ya pili nikakwama kwenye maneno uliyoyapitisha haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya mkwewe: maji kiunoni, ndala zimepotea, vigimbi vinauma. Tuanze hapo. Grupu la klabu litatusubiri, halina pa kwenda.

Vigimbi vya mtu anayejiandaa na arobaini na mbili vinauma karibu kila wiki. Ndiyo maana kuna ugonjwa mmoja wa mafuriko unaoweza kutukuta sisi wakimbiaji tumelala fofofo: maumivu yake tumeyazoea, tunayaita uchovu, tunayachua kwa mafuta ya nazi na kesho yake tunavaa viatu. Unaitwa leptospirosisi. Huenda unaukumbuka kwa jina la homa ya mgunda, ule uliozuka Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022, watu wakawa wanatokwa damu puani na hakuna anayejua ni nini. Wizara ya Afya ilipoutangaza jina Julai ile, watu watatu walikuwa wameshafariki.

Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwa mstari wa mbele, na mafuriko yanapopita bondeni huukoroga mkojo huo pamoja na kila kilichomo vyooni, kuanzia milima ya Pugu unakoanzia Msimbazi hadi Upanga unakomwagia baharini. Mwilini vinaingilia kwenye mchubuko mdogo tu, au kwenye ngozi iliyoloweka majini muda mrefu ikalainika, au machoni ukijifuta jasho kwa mkono wenye tope. Kwa kawaida hupita siku 5 hadi 14 kabla mtu hajaugua, ingawa zinaweza kuwa 2 na zinaweza kufika 30. Kisha homa inapanda ghafla, kichwa kinagonga, macho yanakuwa mekundu bila tongotongo, na misuli inauma ukiibonyeza, hasa ya kiuno na ya vigimbi.

Sijasema unao. Uwezekano mkubwa ni ndoo, kama unavyodhani. Lakini maumivu ya kazi ngeni yana tabia yake: yanafika kileleni siku ya pili au ya tatu, halafu yanashuka. Wewe uliacha kubeba Jumamosi. Ikifika Alhamisi hii vigimbi bado vinauma vile vile, au vinauma zaidi, hizo si ndoo tena. Nunua kipimajoto cha kwapani, jipime asubuhi na jioni, uandike. Ukiona homa, hata kidogo, usingoje Alhamisi.

Ninachokihofia zaidi ni jinsi mambo haya yanavyoweza kukutana mwilini mwako siku ya mbio. Leptospirosisi ikikolea hushambulia ini na figo. Marathoni nayo, hata kwa mtu mwenye afya yake, huzielemea figo: damu nyingi inakimbilia kwenye misuli na kwenye ngozi ili upoe, jasho linakukausha, na nyuzi za misuli zinazochanika njiani zinamwaga mabaki yake kwenye damu ili figo zichuje. Hapo ndipo mtu anapoongeza kidonge cha maumivu cha diklofenaki, ambacho wakimbiaji wengi ninaowafahamu wanakimeza asubuhi ya mbio kama peremende. Kidonge hicho kinapunguza damu inayofika kwenye figo hizo hizo. Na kama homa yenyewe ni ya dengue, iliyotutesa hapa Dar mwaka 2014 na tena 2019, diklofenaki inaongeza hatari ya kutokwa damu. Kwa hiyo tangu leo hadi mbio zipite, ukiumwa chochote meza panadol, si zaidi ya kipimo, na diklofenaki mpe jirani asiyekimbia wala hajaingia majini.

Mimi haya sikuanza kwa kuyasoma, niliyaugua kwanza. Desemba 2011 nchi ilikuwa imemaliza kusherehekea miaka 50 ya Uhuru, hata wiki mbili hazijaisha, Dar ikapigwa na mvua iliyosemekana haijawahi kuonekana tangu Uhuru wenyewe. Watu wapatao 40 walikufa, na familia nyingi za mabondeni zikapelekwa viwanja vya Mabwepande. Baba yangu mdogo alikuwa na nyumba Jangwani. Mimi nilikuwa najiandaa na Kilimanjaro Marathon ya mwishoni mwa Februari kule Moshi. Tulizoa tope siku tatu. Nilikanyaga bati lililokuwa limezama, nikafunga kitambaa, nikaendelea. Siku ya tisa nikaona mazoezi yananiponyoka, nikatoka Sinza alfajiri kuelekea Mbezi Beach, vigimbi vikiwaka moto tangu kilomita ya kwanza. Nilikuwa nimemeza diklofenaki mbili. Wakati wa kurudi, pale Mwenge, nilikaa kwenye ukingo wa barabara natetemeka, jua la saa tatu limeshachoma, na konda wa daladala akanimwagia maji ya chupa kichwani akidhani ni mlevi wa mkesha wa mwaka mpya.

Zahanati ya kwanza walinipima malaria, haikuonekana, wakanipa dawa ya malaria. Siku mbili baadaye mkojo ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Ndipo daktari wa pili, sehemu nyingine, akaniuliza swali moja: "Uliingia kwenye yale maji?" Hakuna aliyeniuliza kabla yake, nami sikuwa nimemwambia mtu, kwa sababu sikuona yanahusiana vipi. Nililazwa siku tisa. Moshi sikwenda.

Basi ukifika zahanati, na uende wiki hii hata kama hujisikii vibaya, usingoje kuulizwa. Anza wewe: "Nilisimama kwenye maji ya Msimbazi siku tatu, miguu mitupu." Onyesha kila mchubuko. Uliza habari za sindano ya pepopunda, na kama una kadi ya kliniki ya uzazi nenda nayo, maana huenda chanjo zako zimeandikwa humo na daktari atajua kama unahitaji nyingine. Ugonjwa huu ukishikwa mapema unatibika kwa antibiotiki za kawaida. Usizinunue tu dukani kwa kubahatisha.

Sasa kalenda. Siku yako ya mwisho majini ilikuwa Jumamosi. Hesabu siku 14 kutoka hapo, unaangukia Jumamosi nyingine ambayo kesho yake zimebaki siku saba kamili kabla ya mbio. Jumapili hiyo ndiyo siku yako ya kuamua. Leo hapana, hata grupu liwake moto. Na ukirudi Kigogo ukakanyaga tope kwa miguu mitupu, hesabu inaanza upya na utakuwa umejijibu mwenyewe.

Najua jibu la kusubiri linaudhi. Lakini ile hofu nyingine, uliyoificha kwenye "sijakimbia tangu wakati huo", naweza kukutua sasa hivi. Pumzi haiozi kama samaki wa Feri. Mtu aliyefanya mazoezi kwa miezi, akipumzika wiki moja hapotezi kitu cha kuonekana, wiki mbili anapoteza kidogo, na mteremko wenyewe unaanza kuonekana kuanzia ya tatu na ya nne. Isitoshe, hata bila mafuriko, wiki tatu za mwisho kabla ya marathoni ni za kupunguza. Kilomita 30 umeshazikimbia na bado zimo mwilini. Usijaribu kuzilipa.

Kiuno chako na usingizi wako ndivyo vinavyonipa mashaka. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Ikijaa tope inapita 30, na unaiinua ukiwa umepinda, kwenye sakafu inayoteleza. Jaza nusu, hata kama mjomba atakucheka. Usingizi ni shughuli nyingine. Umeongeza watu watatu ndani ya nyumba, na mama yako kwa muda ataamka kila mvua ikigonga bati, nawe utaamka naye. Kwa hiyo kila asubuhi kabla hujanyanyua kichwa, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, uhesabu mapigo kwa dakika moja. Yakiwa kumi zaidi ya ulivyozoea, siku hiyo hukimbii, hata kama ratiba imesema vingine. Kama hukuwahi kuyahesabu wakati ule mambo yako shwari, chukua ya siku ambayo umelala vizuri yawe kipimo chako.

Wiki hii usikimbie kabisa, tembea. Wiki ijayo, homa ikiwa haijaonekana na vigimbi vimetulia, toka mara tatu, kilomita 6 hadi 8, taratibu kiasi cha kuweza kusimulia habari nzima ya mtaa bila kukata maneno. Jumamosi, ile ya siku ya 14, kimbia kilomita 16 za tambarare. Ukirudi ukala, ukalala mchana, ukaamka Jumapili unajisikia mtu, tuna la kuzungumza. Ukirudi umekwisha kama mgonjwa, arobaini na mbili imeshaondoka mezani.

Sasa utu.

Kuna mji uliowahi kulitafuna swali lako hadharani, dunia nzima ikitazama. Kimbunga Sandy kilifika New York usiku wa Jumatatu, 29 Oktoba 2012. Marathoni yao ilikuwa Jumapili, 4 Novemba, siku sita baadaye, na huanzia Staten Island, kisiwa ambacho kimbunga kile kiliua watu zaidi ya 20. Meya Michael Bloomberg akasema mbio zipo pale pale. Watu wakaona majenereta yamepangwa Central Park kwa ajili ya mahema ya mbio, wakati maelfu kwa maelfu ya nyumba zimo gizani bila umeme wala joto. Kelele zikapanda. Ijumaa jioni, zikiwa zimebaki siku mbili, akazifuta. Walikuwa wamejiandikisha wakimbiaji wapatao 47,000 na wengi walikuwa wameshatua kutoka nchi za mbali. Tangu mbio hizo zianze 1970 hazikuwa zimefutwa hata mara moja.

Waliotaka zifanyike walikumbusha mwaka 2001. Kweli, baada ya mashambulizi ya Septemba 11 marathoni ya New York ilikimbiwa, tarehe 4 Novemba, na watu walijaa barabarani kushangilia. (Siku hiyo ndiyo Tesfaye Jifar wa Ethiopia alipoivunja rekodi ya njia ile iliyowekwa na Juma Ikangaa wetu mwaka 1989, saa 2:08:01. Ilikuwa imedumu miaka 12, na mpaka leo inaniuma kidogo.) Lakini kati ya msiba na mbio zilikuwa zimepita karibu wiki nane. Siku sita na wiki nane ni vitu viwili tofauti kabisa: katika siku sita bado watu wanatafutwa, na askari na magari ya wagonjwa wana kazi nyingine.

Kilichowachoma watu wa Staten Island kilikuwa yale majenereta, na maji ya chupa, na askari ambao wangesimama kuzuia magari kwa ajili ya watu wenye kaptula. Wakimbiaji wenyewe, Jumapili ile ile, mamia walipanda kivuko wakiwa na nguo zao za mbio na mabegi yamejaa vitu, wakaenda kisiwani kusaidia. Wengine walizunguka Central Park kivyao. Ukiniuliza kosa lilikuwa wapi, nitakuambia kuchelewa. Wangeamua Jumanne, mtu wa ng'ambo asingepanda ndege na mtu wa Staten Island asingetukanwa na jenereta.

Kwa hiyo swali la utu mimi nalipeleka kwa mwandaaji kabla halijafika kwako. Kwenu, siku ya mbio, zitakuwa zimepita siku 25 tangu maji yaingie. Si sita, si wiki nane. Mpigie simu, au afadhali mwandikie ili ubaki na jibu. Njia inapita wapi? Magari ya wagonjwa ni mangapi na yanatoka wapi? Kama siku hiyo Barabara ya Morogoro bado imefungwa pale Jangwani na mwendokasi hazivuki, jiji zima litakuwa limebanana kwenye njia chache, na ukiifunga Barabara ya Ali Hassan Mwinyi nusu siku kwa ajili yetu, kuna mgonjwa atakayekaa kwenye foleni. Kama kila kitu kimefunguka na kambi zimeshapungua, sioni nani anapungukiwa wewe ukikimbia. Barabara za Oysterbay saa kumi na mbili asubuhi Jumapili hazimkoseshi mtu wa Kigogo kitu.

Jambo moja tu. Njia za mbio za hapa zinalipenda Daraja la Tanzanite. Kama yenu inapita pale, ujue kwamba upande wa Salender ndipo Msimbazi unapoingia baharini, na baada ya mvua maji yanakuwa ya kahawia kwa siku kadhaa. Mwaka mmoja niliona pale godoro likielea, na mlango wa friji, na ndala nyingi kuliko ninavyoweza kueleza, za watoto na za wakubwa. Nakuambia mapema ili lisije likakukuta kilomita ya 35 mwili umeisha na machozi yako karibu. Hapo mtu hulia hata kwa wimbo wa tangazo la sabuni.

Huyo mwenzenu wa Mzee Akhwari mwambie apumzike. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 John Stephen Akhwari alianguka, goti likaharibika, akamaliza wa mwisho zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde, na sisi sote tunaojifunga kamba za viatu nchi hii tunaishi kwenye kivuli cha hatua zile za mwisho. Lakini mzee aliumia goti, la kwake, mbele ya macho yake, na alikuwa ametumwa na nchi. Goti linauma na unaliona. Kijidudu cha kwenye figo hakiumi mpaka kimemaliza. Halafu wewe nchi haijakutuma, mdogo wangu. Umejituma na umelipa mwenyewe.

Fulana nazo sizitaki, ingawa wenzenu msiwachukie kwa hilo. Zipigeni hesabu: bei ya kuchapisha fulana 60 ni neti ngapi, dawa ya kutibu maji chupa ngapi, ndala jozi ngapi? Mama yako aliyepoteza kila kitu anahitaji neti kabla ya kusoma maneno kifuani kwako. Na hilo neno wahanga, tafadhali. Mhanga ni mtu anayejitoa. Mama yako hakujitoa, aliingiliwa na maji usiku. Ni mwathirika.

Amebaki mama mwenyewe, na hapa naona ndipo uamuzi ulipo. Usimuulize "niende?" Atakujibu "nenda mwanangu", kwa sababu tayari anajiona mzigo kwenye nyumba ya mkwewe, na hatakubali kuwa ndiye aliyekuzuia. Jibu hilo halikusaidii kitu. Muulize mambo ya kazi. Jumapili ile nikiondoka saa kumi alfajiri nani anabaki na watoto? Kuta za Kigogo zitakuwa zimekauka kiasi cha kurudi? Vitu vinahamishwa lini, na nani anabeba? Wengi wanapiga hesabu ya Jumapili peke yake. Arobaini na mbili ya kwanza inachukua na Jumatatu, na Jumanne, na mara nyingi Jumatano. Siku hizo utashuka ngazi kinyumenyume, na choo cha kuchuchumaa utakitazama kama mlima Meru. Ikiwa wiki hiyo ndiyo mama anarudi kwake na wewe ndiye mikono pekee, basi mbio zimeshakupa jibu, na halina uhusiano wowote na grupu. Ikiwa mumeo na shemeji zako wanaweza kubeba, una nafasi.

Unataka niseme ningefanyaje mimi. Ningeandika barua leo kwa mwandaaji kuomba nihamishwe kwenda ishirini na moja, yaani nusu marathoni, kabla hawajagawa namba, na arobaini na mbili ningeisogeza kwenye mbio nyingine ya baadaye mwaka huu. Ishirini na moja unaweza kuikimbia kwa pumzi uliyonayo, ukarudi nyumbani saa nne ukapika, na Jumatatu ukainua ndoo nusu. Arobaini na mbili ya kwanza huikimbii mara mbili, nami nisingependa uikimbie huku kila kilomita unajiuliza kama kigimbi hiki ni mazoezi au ni Msimbazi. Lakini ikifika Jumapili ile ya uamuzi homa haijaonekana, zile 16 zimepita kama maji, mapigo yametulia, na nyumbani wapo wa kubeba, sitakuzuia. Punguza tu mwendo na uisahau saa uliyojipangia.

Mwandaaji akikataa kukuhamisha, muulize kuhusu mwakani. New York, wiki saba hivi baada ya kufuta, waliwapa watu wachague: kurudishiwa hela, nafasi ya uhakika ya marathoni ya miaka iliyofuata, au nafasi kwenye nusu marathoni yao. Si lazima wa hapa wafanye hivyo, ila kuuliza hakulipiwi. Na ukiamua kutokwenda, usimpe mtu namba yako akimbie nayo. Akianguka njiani, daktari atasoma jina lako na umri wako, na simu itapigwa kwa mumeo.

Kesho zahanati. Majibu ukiyapata niandikie. Na kabla hujarudi Kigogo tafuta buti za mpira, zile ndefu za kufika karibu na goti. Saizi za wanawake ni shida kupata. Ukikosa yako chukua kubwa uvae soksi mbili, na jioni ukizivua usiziingize ndani, ziache mlangoni uzimwagie maji yenye dawa, maana hao watoto wa kaka yako watazivaa tu.